Fundi Anayevua Viatu

Fundi wa kompyuta kutoka mtaa wa Ndosho huvua viatu mlangoni hata kama sakafu ina matope, kisha huinama na kuiwekea kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nasiba alimvumilia. Alichotaka ni diski yake ifunguke tu, yenye video ya harusi yake, maana mumewe Aruna hakurudi tena tangu waasi waingie mjini. Kila akiichomeka kwenye kompyuta, ilionekana kidogo, ikapotea.

Fundi alipuliza tundu, akabadili waya, akahamia tundu la nyuma, huku akiisemesha diski kwa sauti ya chini ya watu wa msibani. Inashika, inaachia. Mwishowe akaitoa mezani na waya wake, akaiweka sakafuni, akaisogeza polepole mpaka kwenye kona ya dirisha. Pale ikatulia. Aruna akatokea kwenye kioo cha kompyuta na kanzu yake mpya, anacheka.

"Mama, kabla ya volkano kushuka, hapa kulikuwa nini?"

Nasiba akaitazama ile kona. Nyumba hii, kama nyingi za mtaa huu wa Birere, ilijengwa juu ya lava iliyofunika nyumba ya kwanza.

"Chumba ya mama mukwe. Alikatalaka kutoka."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa saa. Akazima kompyuta, akachomoa waya wa diski, akauviringisha vidoleni. Nasiba akainama kuiokota diski. Taa yake ilikuwa bado inapepesa.

"Uiache kwanza, mama," fundi akasema, akitafuta viatu vyake. "Bado anaangalia mutoto wake."