Milimita moja na nusu niliyoipunguza kwenye chambo cha shemeji yangu

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Mvua imenifungia ndani tangu adhuhuri, nikaona nitumie nafasi hii kuandika jambo ambalo nimelibeba miaka kadhaa. Nitalisema lilivyokuwa, pamoja na zile sehemu zinazonivunjia heshima. Asiyeamini ana haki yake.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni karani wa stoo, mtu wa makamo. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine yote nimejifunza kwa vitabu vya mtumba. Nina daftari la mvua, daftari la kuku na daftari la betri za tochi. Mke wangu husema siku nikifa nitakuwa nimeshaandika saa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika rundo la vitabu vikuukuu sokoni, nilipata kijitabu kisicho na jalada kilichoeleza jinsi ya kuchonga lure.

Kwa asiyejua, lure ni chambo bandia: samaki mdogo wa mti, mwenye ndoano tumboni na ulimi wa bati mdomoni. Ukikivuta majini kinatikisika kama samaki aliyeumia, na samaki mkubwa anakifuata kwa njaa au kwa hasira. Huhitaji mnyoo wala unga.

Upande wa Endebess kuna bwawa la shamba ambamo wenye shamba wa zamani walipanda bass, samaki mwenye mdomo mpana anayewinda wenzake. Ukiomba ruhusa vizuri unaruhusiwa kuvua.

Basi nikaanza. Mti ulikuwa saiprasi. Waya wa katikati ulikuwa spoku ya baiskeli. Uzito wa tumboni ulikuwa risasi ya kusawazisha magurudumu, niliyoiyeyusha kwenye mkebe. Kila chambo nilikipima kwa vernier, kile kipimo cha mafundi kinachosoma hata sehemu ya milimita, kushoto na kulia, nikakipa nambari, nikakijaribu kwanza katika pipa la maji nyuma ya nyumba.

Cha kwanza kilizama moja kwa moja. Cha pili kilielea chali kama mlevi. Cha saba kiliogelea. Cha kumi na moja kilishika samaki wa ukubwa wa kiganja, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyepewa uchifu.

Sikujua mtu mwingine Kitale nzima anayechonga vitu hivi. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mdogo wangu Nekesa ameolewa Chwele, na mumewe ni Wafula. Wafula huchonga mipini ya jembe, miko na viti vya kukamulia maziwa, kisha huviuza siku ya soko. Kusoma anasoma kidogo. Rula ninadhani hajawahi kumiliki.

Walitutembelea wikendi moja. Nikamchukua Wafula hadi bwawani, nikamwonyesha kila kitu, kuanzia spoku hadi vanishi. Mchana mzima nilimfundisha kwa moyo mweupe.

"Shemeji," akasema, "kitu yenyewe ni hii tu, na umekuwa ukitunyima?"

"Si hii tu. Kuna vipimo."

"Vipimo vya nini, bana? Samaki ana rula?"

Nikacheka. Nilikuwa bado naweza kucheka.

Baada ya wiki mbili alirudi na chambo kimoja mfukoni, kimefungwa kwa kitambaa cha kanga. Kilikuwa cha murembe.

Wale wa kwetu Bungoma wanajua kuwa murembe si mti wa mchezo. Hautumiwi kama kuni. Zamani watu wakigombana na ukweli ukakosekana, walipelekwa mbele ya murembe kuapa, na aliyeapa uongo hakutarajiwa kuzeeka. Wafula alikuwa ameokota tawi lililoangushwa na upepo. Kuukata ukiwa hai asingethubutu.

Sifa nyingine ya murembe ni wepesi. Kijitabu changu hakikuutaja, na mimi sikuwa nimeufikiria, ingawa umesimama nyuma ya nyumba ya marehemu bibi yangu.

Nilikigeuza chambo chake mkononi nikaona kasoro papo hapo. Upande wa kushoto ulikuwa umevimba, kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nikamwambia kwa upole kwamba kitalala upande.

Tukaenda bwawani. Hakikulala. Kiliyumba, kikajipinda kidogo, kikarudi, kama samaki anayejaribu kukumbuka njia. Mara ya tatu kukirusha, maji yakapasuka. Bass wa urefu wa mkono hadi kiwiko.

"Shemeji, nimemshika ama ni yeye amenishika?" Wafula alikuwa anapiga kelele huku akicheka na kurudi kinyumenyume kwenye matope.

Alishika wanne. Mimi, mwalimu, sikupata hata mmoja. Usiku sikula vizuri, nikamwambia mke wangu ni tumbo.

Wakuu, wivu wa kumwonea tajiri unavumilika, maana unajua hamkuanza pamoja. Wivu wa kumwonea mtu uliyemfundisha mwenyewe ni kitu kingine. Kila akikusifu unasikia kama anakucheka, na Wafula alinisifu kila mahali. "Shemeji yangu ndiye professor," aliwaambia watu. Nilitamani anyamaze.

Sasa anaingia Singh, mwenye duka la vipuri mjini, mvuvi wa siku nyingi. Alisikia habari zetu akatuita. Alikuwa na kabati la kioo juu ya kaunta, na alitaka kuweka humo vyambo vya kienyeji vya fundi mmoja, pamoja na jina la fundi huyo.

"Mmoja tu," alisema. "Kioo yangu ni ndogo, na mimi sitaki maneno."

Mimi ndiye niliyependekeza utaratibu wa mtihani. Kila mtu alete chambo kimoja. Singh mwenyewe arushe kila kimoja mara ishirini, kwa rodi yake ya kuvulia, kutoka mahali pamoja. Atakayeshika zaidi anaingia kwenye kioo. Wafula alikubali bila kufikiri. Kwake ilikuwa ni siku ya kucheza.

Kisha nikamwambia aniachie chambo chake, nikibadilishie ndoano zilizoshika kutu na kukipaka vanishi safi. Akanipa. Hata hakuuliza kitarudi lini.

Kilikaa nami siku tano. Nilikipima mara nyingi sana. Niliandika kila namba, nikitafuta siri. Niliyoiona ni ile kasoro tu: kushoto kulizidi kulia kwa milimita moja na nusu.

Alasiri moja nilikaa barazani, nikachukua msasa laini, nikausugua ule upande wa kushoto hadi pande mbili zikawa sawa. Nilijiambia ninamsaidia. Nilijiambia kwamba fundi yeyote mwaminifu akiona kosa hulirekebisha. Kisha nikapaka vanishi mara tatu ili pasionekane.

Mtu anayesaidia hafichi mahali aliposaidia. Hilo nililijua hata nikiwa na brashi mkononi.

Jumamosi tukakutana bwawani. Singh alianza na changu, nambari 23. Mrusho wa kumi na nne akapata bass mmoja wa wastani. Hapakuwa na mwingine.

Akafunga cha Wafula. Kikaja kimenyooka. Hakikuyumba wala kujipinda. Kilikuja kama kijiti kinachovutwa kwa kamba. Mara tano, mara kumi, mara ishirini. Maji hayakutikisika.

Wafula aliacha utani mrusho wa sita. Mwishoni Singh alimrudishia chambo. Wafula akakipitishia kidole gumba ubavuni, polepole. Nilidhani atasema kitu. Alisema tu, "Hongera, shemeji," akanipa mkono, akaondoka kutafuta gari la Webuye ili ashukie njia ya kwao.

Nikaingia kwenye kioo. Jina langu liliandikwa kwa kalamu nyeusi juu ya kadi. Nilipita pale dukani kila siku nikitoka kazini, nikijifanya natafuta nati.

Wiki ya tatu Nekesa akapiga simu kutoka kibanda cha sokoni.

"Kaka, kuja uongee na huyu mtu. Ameacha kuchonga."

"Vyambo?"

"Kila kitu! Mipini, miko, viti. Soko mbili zimepita ameketi tu. Ati mkono wake umekufa."

Nilienda Chwele siku iliyofuata. Wafula alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe cha kukamulia, visu vimefungwa kwenye gunia. Alinikaribisha vizuri, chai ikaja. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile chambo, akakiweka mezani kati yetu.

"Shemeji, mimi sikushuku. Lakini nimefikiria mpaka nimechoka. Hii kitu nilichonga mimi, na iliogelea. Siku ya mtihani haikuogelea. Kama hakuna aliyeigusa, basi siku ile ya samaki wanne ilikuwa bahati, na mimi si fundi, nilikuwa najidanganya. Nitatafuta kazi ya kubeba mizigo."

Akakisukuma chambo kuelekea kwangu.

"Wewe ni mtu wa vipimo. Nakuomba kitu kimoja. Ishike. Ni murembe. Sema uliweka ndoano na vanishi peke yake. Ukisema hivyo nitakubali, na sitauliza tena."

Mimi ni mtu wa kanisa, na nasoma. Najua mti ni nyuzi na maji. Lakini niliunyoosha mkono hadi nusu ya meza, ukakataa kuendelea. Sijui kama niliogopa murembe au niliogopa uso wake, ule uso wa mtu aliye tayari kuniamini mimi kuliko mikono yake mwenyewe.

"Nilikipiga msasa," nikasema. "Upande wa kushoto. Milimita moja na nusu."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya meza.

"Ulipima?" Wafula akauliza.

"Nilipima."

"Uliandika?"

"Niliandika."

Nekesa akapiga makofi mlangoni. "Eee! Jamani! Hata uovu wake anaweka kwa daftari! Mama alizaa mtu ama alizaa ofisi?"

Wafula hakucheka. Alikuwa anaiangalia mikono yake, anaigeuza juu na chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichopotea. Kisha akasema, "Leta yako."

Nambari 23 ilikuwa mfukoni mwangu. Niliitembeza kila mahali tangu ule ushindi. Nikaitoa. Akafungua gunia, akachagua kisu kifupi, na bila kupima chochote akakata ubavu wa kulia mara tatu. Vanishi yangu ya tabaka nne ikaruka hadi kwenye chai. Akakwangua kidogo karibu na mkia, akanirushia.

"Na mimi nimekusaidia," akasema. "Sasa nenda umwambie Singh."

Nilikwenda. Singh alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana. Alifungua kioo, akatoa vyambo vyangu kimoja kimoja, akaviweka kwenye bahasha ya kaki, akanipa pamoja na ile kadi yenye jina langu. Halafu akamgeukia mteja mwingine. Wakuu, ningependelea anitukane.

Vya Wafula viliingia mwezi uliofuata, vyote vimevimba upande.

Kwa muda mrefu Wafula aliniita "Karani" badala ya shemeji. Alirudi kuniita shemeji siku ya kumtahiri mtoto wao, mbele ya watu, kana kwamba amesahau. Sidhani kama alisahau.

Somo nililopata ni hili. Wivu haukunijia na sura ya adui. Ulinijia na msasa laini, ukasema "rekebisha." Na milimita moja na nusu niliyoiita kosa ndiyo iliyokuwa uhai wa kile chambo. Daftari langu lilikuwa na namba sahihi, nami nilikuwa nazisoma vibaya.

Jambo la mwisho, kwa sababu niliahidi kusema yote.

Nambari 23 nilitaka kuitupa. Miezi kadhaa baadaye, kwa kukosa nyingine, nikaifunga na kuirusha pale bwawani. Tangu siku hiyo imeshika samaki wengi kuliko zote nilizochonga zikijumlishwa pamoja. Nimeipima mara tisa. Nimechonga nakala sita. Hakuna hata moja inayoogelea kama yenyewe.

Kwa hiyo kitu bora zaidi katika sanduku langu kilitengenezwa na Wafula akiwa amenikasirikia, kwa dakika moja, bila rula. Kila nikikitazama wivu unarudi ule ule, haujapungua hata nusu milimita. Ninachofanya siku hizi ni kuweka msasa chini kwanza, kisha ndipo nauacha uniume.

Karibuni mchangie. Ningependa kusikia hasa kutoka kwa mtu aliyewahi kumfundisha mwenzake kazi akapitwa. Ulifanya nini na mikono yako?