Maneno Yasiyo na Pa Kushonewa

Shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, ni fundi cherehani katika karakana ya sare za shule. Mimi nakaa chumba cha nyuma, nakunywa chai yake, na kwa malipo namsikiliza. Mwaka ule alinivuruga kichwa, na mpaka leo hakijatulia.

Kilichoanza ni meneja mpya, mtu asiyejua ila Kiingereza. Mkuu wa meza ya mashati alikuwa anastaafu, na shemeji alikitaka kiti chake. Hakuficha. Miguu inamvimba kwa kukanyaga cherehani, na mkuu wa meza hakanyagi, yeye hukagua tu. Lakini mkuu ndiye anayepokea maagizo ya meneja. Basi akajiandikisha darasa la jioni la watu wazima.

Mwalimu akawaambia maneno yana koo zake. Nomino ni majina ya vitu na watu. Vitenzi ni vya kutenda. Vivumishi husema kitu kikoje, na vielezi husema jambo limetendwaje. Mimi niliyeishia darasa la nne sikuona tabu hapo: kila mtu ana kwao.

Sasa, shemeji ni mtu wa mkono. Jambo lisiloshikika halimwingii. Alikata vipande vya utepe, akatarizi kila kimoja neno lake la Kiingereza, akavishona mahali pake. Pazia likapata jina, mto ukapata, taulo nayo. Vivumishi havikumshinda: shuka jekundu lilipewa wekundu wake, na koti langu likashonewa mgongoni neno la uzee. Nikauliza linasemwa koti au mwenye koti.

“Vaa tu, shemeji,” akasema. “Utepe ni mmoja, utawatosha nyote wawili.”

Vitenzi ndivyo vilivyomtia kizunguzungu. Neno la kukata alilifunga kwenye mpini wa mkasi, akalitazama, akalifungua. Mkasi umelala mezani, akasema, haukati chochote. Kuufunga neno hilo ni kuusingizia. Neno la kushona akalipeleka kwenye cherehani, nayo ilikuwa kimya, akalirudisha. Nikamshauri alifunge mkononi mwake.

“Na nikilala, mkono utakuwa unashona?”

Nilikwenda kuzunguka mtaa mzima nikiwaza kitenzi kinakaa wapi kisipotendwa, nikarudi na vumbi tu. Tepe zile, pamoja na za vielezi, alizitia kwenye kopo la vifungo, zingoje.

Siku ikafika kabla hazijapata pa kukaa. Meneja alisimama mbele ya meza na shati mkononi, akamsemesha shemeji peke yake, wenzake wote macho juu. Alivyonisimulia, nomino alizidaka zote. Kola ilipita, uzi ukapita, na ubuluu wa shati, kama majirani wanaopita dirishani. Lakini kati yao palikuwa na mashimo. Hizo kola zifanywe nini? Zishonwe au zifumuliwe? Upesi au taratibu? Vitu vyote vilikuwa mbele yake na hakuna hata kimoja kilichojongea.

Fundi wa vifungo akakohoa kikohozi cha kejeli. Mwishowe shemeji akashika wembe wa kufumulia mkono mmoja na sindano mkono wa pili, akavinyanyua vyote viwili mbele ya meneja, akangoja.

Meneja naye akaduwaa. Kisha akagusa wembe, akaongeza maneno marefu ambayo mpaka leo hayajulikani. Shemeji akaketi, akafumua kola moja, akamwinulia aione. Yule bwana akaitazama, akaenda zake bila neno.

Kesho yake aliambiwa ahamie kiti cha mkuu. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani bila hata kuwasha jiko. Nikampongeza.

“Amenipa kwa kuwa nimeelewa,” akaniuliza, “au kwa kuwa nimeuliza?”

Nikamwambia pengine kwa kuwa kola ilifumuliwa vizuri. Akafikiri, akasema fundi wa vifungo anafumua vizuri kuliko yeye. Nikasema basi sijui. Naye akasema hajui.

Miguu imepungua uvimbe, hilo ni wazi. Darasani bado anakwenda, na asubuhi, kabla hajapokea agizo lolote, huweka wembe na sindano mezani, kimoja huku, kingine kule, akamtazama meneja mkono.