Kompyuta Iliyopona Kila Nilipopiga Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa shoti kabla sijapewa hata kiti. Ilikuwa karakana ya redio, Mahabibo, mtaa wa Mahajanga, mwishoni mwa miaka ya sabini. Wangazidja wengi walikuwa wameshaondoka mjini baada ya machafuko, na benchi la fundi mmoja aliyerudi kwao lilibaki tupu, bisibisi zake zimepangwa vilevile alivyoziacha. Nikapewa mimi, msichana. Nikatia kidole kwenye kapasita, kile kikopo kidogo kinachoweka umeme hata baada ya redio kuzimwa, nikajikuta mlangoni. Mkuu wa Karakana hakuinua hata uso.

"Haya, mmeshajuana," akasema. "Rudi ukae."

Nikarudi nikakaa, na ndiyo kazi iliyonizeesha. Nawaandikia ninyi wajukuu zangu mlioko Unguja kwa Kiswahili nilichopata kwa mama yangu, mzaliwa wa huko. Kazini kwetu tulisema Kimalagasi, wakubwa wakatugombeza kwa Kifaransa, nyumbani tukaongea Kingazidja. Mmeniambia mnasomea kompyuta. Basi kaeni vizuri, maana nina kisa, na kila nikikikumbuka mwili hunisisimka.

Yule Mkuu wa Karakana alikuwa na namna yake ya kazi. Redio ikiletwa, haigusi. Humkalisha mwenye redio, akamuuliza imewekwa wapi, nani anaiwasha, inaharibika wakati gani wa siku. Sisi vijana tulichoka kungoja, mikono inatuwasha.

"Unafungua nini, na hujui inaishi vipi?" aliniambia siku moja, akaninyang'anya bisibisi.

Miaka ikaenda, redio zikapungua, kompyuta zikaanza kuingia. Nikapelekwa kisiwa cha Nosy Be, kwenye hoteli moja kule Andilana, niangalie mashine za mapokezi. Meneja wa hoteli alikuwa mtu wa pupa, anayetembea huku anasema. Asubuhi moja akanivuta mkono hadi kwenye kioo cha kompyuta. Majina ya wageni yalikuwa yamejaa vipande vya mraba vya rangi, kijani na zambarau, kama shiti la kitanda.

"Wageni wangu wako wapi?" akauliza.

"Wamo, bwana Meneja. Kinachoumwa ni kinachowachora."

Ndipo nilipoijua kadi ya picha. Ni kibao kinachochomekwa ndani ya sanduku la kompyuta, na kila unachokiona kwenye kioo kimechorwa na hicho. Nilikichomoa nikakuta meno yake ya shaba yameota ukungu wa chumvi, maana bahari iko mlangoni. Nikayasugua kwa raba, ile ya kufutia penseli, nikachomeka tena. Wageni wakarudi mmoja mmoja, safi kabisa. Meneja alicheka hadi akakaa chini, nami usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Kitu kilichokuja kwa ndege kutoka ng'ambo, kimeponywa kwa raba ya shule!

Niliporudishwa Mahajanga nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, naitwa Ma Zaliha, na karakana yetu ilikuwa haitengenezi tena redio. Bosi wangu sasa alikuwa Mkuu wa Ufundi, mwanamume mpole aliyependa kazi iishe haraka. Huyo ndiye aliyenituma mtaa wa Ampisikina, kwa Saandia.

Saandia alikuwa binti mpiga video za harusi. Alikuwa na kamera moja na kompyuta moja ya zamani, nayo ndiyo aliyokatia na kuungia picha. Alikuwa amerekodi harusi ya mdogo wake mwenyewe wa kike, na muda mfupi baadaye baba yao akafariki. Kanda ya kamera ilishatumika tena kwenye harusi ya watu wengine, kama walivyofanya wote wa kazi ile. Kwa hiyo picha za mzee akitembea, na sauti yake, zilibaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta ile. Saandia alitaka kuzihamishia kwenye diski kabla ya arubaini ya baba yake, ili mama yake, Ma Hadidja, amwone mumewe. Na kila akianza kazi hiyo ya saa nyingi, kioo kilijaa mistari, picha ikaganda, kompyuta ikajizima.

"Ilianza lini?" nikamuuliza.

"Baada ya mazishi, Ma Zaliha. Kabla ya hapo haikunisumbua hata siku moja."

Nikaiwasha. Ikawaka vizuri. Nikachezesha harusi nyingine, ikaenda bila tatizo. Nikasema ni chumvi tu, nikasugua meno ya kadi kwa raba, nikaaga. Kesho yake Saandia akaja mbio karakana: mistari imerudi.

Nikaenda tena. Nikapiga hodi, nikasubiri nje kama adabu inavyotaka, nikasikia "karibo" ya Ma Hadidja, ndivyo tunavyosema karibu huku kwetu, nikaingia. Kompyuta ikawaka vizuri. Safari hii nilibadilisha vijiti vya kumbukumbu, nikapima umeme kwa mita, nikaondoa dereva, yaani programu inayoiongoza kadi, nikaweka ya zamani zaidi. Mbele yangu ilikuwa na heshima zake zote. Nikiondoka, inaanguka. Nikaibeba hadi karakana, ikafanya kazi kutwa nzima bila kukohoa; kifaa cha kuchomea diski tu kilibaki kwa Saandia. Nikairudisha, ikaanguka siku ileile.

Niliingiwa na hasira, na pia, niseme kweli, nilifurahi. Ugonjwa unaomkimbia fundi nilikuwa sijaukuta bado. Nilikuwa nakula huku naufikiria, hata mume wangu akaniambia nihamie Ampisikina kabisa.

Mkuu wa Ufundi akachoka. "Ma Zaliha, futa kila kitu, weka mfumo upya. Mashine itapona."

"Na yule mzee, bosi?"

"Mzee amekufa, Mungu amrehemu. Mashine ndiyo wateja wa Saandia wanayoingoja."

Nilimwomba niende mara moja ya mwisho. Arubaini ilikuwa karibu. Nikafungua, nikapima, nikanusa hata waya, hakuna kitu. Saandia alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia ajaribu tena baadaye, na ikianguka, itabidi tufute. Macho yakamjaa machozi, akatoka uani. Nami nikatoka mbele, nimevunjika moyo kabisa.

Nilikuwa nimefika kona nikakumbuka miwani yangu. Nikarudi. Mlango ulikuwa wazi, na kabla sijapiga hodi nikamwona Ma Hadidja ndani. Alikuwa amebeba kitambaa cheupe kikubwa, kilichotariziwa matundumatundu, ile kazi ya wanawake wa Nosy Be, alikozaliwa. Alikikung'uta, akalifunika lile sanduku la kompyuta, juu, pande zote, mgongoni hadi chini. Akakaza pembe zake kama anavyofunikwa mtoto. Na taa ya kompyuta ilikuwa inawaka.

Nilisahau hodi. "Ma Hadidja! Hicho kinakaa hapo siku zote?"

Akashtuka. "Kinakaa. Wewe ukija nakitoa, vyombo vyako visikichafue."

Nikatazama chumba kile kwa macho mapya. Redio ilikuwa na kitambaa chake. Runinga ilikuwa nacho. Friji pia. Ndivyo zilivyo nyumba zetu, kitu cha thamani hakiachwi uchi, na mimi mwenyewe nilikuwa na vitambaa kama hivyo kwangu. Ndiyo maana Saandia hakuona la kunisimulia. Alikaa akifanya kazi mbele ya kioo, na kando yake sanduku limefungwa kama limepata homa. Kadi ya picha ikichora video inapata joto kali, na feni inatoa joto hilo kwa mgongoni. Pameziba. Kadi ikipikika inachora ovyo, mwishowe kompyuta inajizima. Nami kila nikipiga hodi, naipa nafasi ya kupoa.

"Tangu lini unaifunika, mama?"

"Tangu tumzike," akasema. "Si mmeniambia yumo humo ndani? Nimwache na vumbi?"

Nilimshika mkono, tukakitoa kitambaa pamoja, tukakikunja. Nikamweleza taratibu kwamba mzee anaona joto. Alilielewa hilo upesi kuliko maelezo yote niliyompa bintiye. Akaenda mwenyewe kuleta feni ya mezani, akaiweka mbele ya sanduku. Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikamwita Saandia, tukaanza kuchoma diski. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofika ulisogea polepole mno. Tulikaa watatu tunautazama, Saandia anasoma dua, mimi mkono juu ya kadi nasikiliza joto. Mistari haikuja. Diski ilipotoka nilipiga kigelegele, nikasahau kabisa kwamba ile ni nyumba ya msiba.

Siku waliyoniaga karakana kwa sababu ya umri, Mkuu wa Ufundi aliniuliza mbele ya wote nimejifunza nini miaka yote hiyo. Walingoja maneno makubwa. Nikawaambia wafike kwa mtu bila kutangaza siku, kisha nikawasimulia arubaini ya Ampisikina, kama ninavyowasimulia ninyi.

Hitma ilikuwa imekwisha, wageni wamekwenda zao, tumebaki wanawake wa nyumbani na mimi. Saandia akaweka diski. Mzee akatokea na kanzu yake, anamleta bwana harusi kwenye mlango wa nyumba ileile. Akasimama, akainua uso, akaita kwa sauti iliyojaa chumba kizima: "Hodi!"

Na Ma Hadidja, pale alipokaa kwenye mkeka, kitambaa chake kimekunjwa mapajani, akaitika:

"Karibo."