Kijiti cha Mzee Ondieki

“Nyumba yoyote ya Nyamache, hata ikibomolewa kesho, nitawarudishia nzima kwenye karatasi!” Obwocha aliyasema hayo mbele ya soko zima mwaka wa 1969, penseli sikioni, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Wakati huo kila mwenye shamba la chai alikuwa akitupa nyasi na kuezeka mabati. Obwocha, mwandishi wa vibao vya maduka, akaanza kuchora nyumba za msonge kabla hazijaanguka. Mzee Ondieki akamwita achore yake, picha itundikwe katika nyumba mpya. Obwocha alichora fito, mafundo ya kamba chini ya paa, hata alama za vidole kwenye udongo ambao Kemuma, mke wa mzee, aliukandika akiwa bibi harusi. Alipofika kileleni, karatasi ikaisha. Akaacha kuchora kijiti cha juu ya paa. Kijiti tu, akajiambia.

Nyumba ilibomolewa Jumapili. Jumatatu akaleta picha na fremu yake. Kemuma aliitazama, akashika kichwa, akapiga yowe la matanga. Kwetu kijiti kile husimama mwenye nyumba akiwa hai; akifa, huondolewa.

“Umemuua mume wangu kwa penseli!”

Majirani walifika mbio, wakamkuta marehemu akinywa uji.

“Nilikufa lini?” Ondieki akauliza. “Hii haiingii kwangu. Itie motoni.”

Moto ulikuwa pale pale jikoni. Nyumba haikuwepo tena, na picha nyingine haikuwepo. Obwocha aliikumbatia karatasi kama mtoto.

“Baba, ngoja. Nitaunga.”

Akabandika kipande kwa uji wa mzee, akachora kijiti cha urefu wa ukucha.

“Mimi ni mtu wa kijiti kama hicho? Ongeza.”

Akaongeza.

“Ongeza.”

“Baba, hakikuwa hivyo. Nilikiona kwa macho yangu.”

“Macho yaliyoniona nimekufa? Ongeza!”

Jirani mmoja akajitia mjuzi: “Cha baba yangu hakikufika huko.”

“Baba yako alikuwa akikimbia jogoo,” Kemuma akamkata. “Ongeza, mwanangu.”

Mwishowe kijiti kilikuwa kirefu kuliko mlango, na mzee akakubali kwamba hiyo ndiyo nyumba yake hasa. Picha ikaingia ndani, lakini haikuenea tena kwenye fremu. Obwocha akaenda Kisii mjini kununua fremu nyingine kwa pesa zake.

Ilikuwa shilingi kumi na nane, pamoja na kioo.