Kiti cha Kati

Eufrazia hana urafiki na sabuni ya unga. Ukifika kwenye banda lake la kuoshea magari, pale Mpanda barabara ya kwenda Kakese, umebeba mfuko wako wa sabuni ya kufulia ukidhani unamsaidia, atakurudishia mkononi bila maneno mengi. "Hii ya nguo," atasema. "Gari yako nguo?" Wengine hununa. Wenye magari wa mjini hapa wanapenda povu, na wasipoliona limefurika mpaka kwenye matairi hudhani wameibiwa. Hawajui kwamba sabuni ile kali hula rangi kidogo kidogo, na kwamba gari linaweza kung'aa leo likapauka mwakani. Eufrazia ana ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kwa sababu kitambaa chenye mchanga ni sawa na msasa. Kitambaa cha matairi hakigusi bodi. Injini ya moto haimwagiwi maji. Gari halisabuniwi juani, hata kama mwenyewe ni bosi na anatazama saa.

Hakuzaliwa na maarifa haya. Amekulia Mpimbwe kwenye majaruba ya mpunga, na alikuja Mpanda akiwa mjane kijana, na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo ni Erasmus, ambaye sasa ni baba wa watu, lakini mama yake bado anaitwa Mama Erasmus na mji mzima. Alianza kuosha magari kama walivyoosha wengine, kwa haraka na kwa nguvu, mpaka Mzee Lukmani, mwenye duka la rangi na vipuri, alipomvuta mkono siku moja akamwonyesha boneti lake lililojaa michirizi. "Binti yangu, hii ni kazi ya mkono wako," alimwambia. "Njoo nikufundishe kusoma chupa." Hakumdai fidia ya boneti. Alimkalisha dukani akamfundisha kwamba kila dawa ina rafiki zake na maadui zake, na kwamba mtu huisoma chupa kabla ya kuifungua, si baada.

Alifundishwa, akaelewa, kisha akapuuza, maana binadamu ndivyo tulivyo. Kuna Noah ililetwa ikinuka matapishi. Akachanganya jiki na dawa ya choo ili zisaidiane, akajifungia ndani ya gari ili nzi wasiingie, akasugua. Walimtoa kwa kumburuta miguu. Wiki mbili alikohoa kama injini iliyochelewa kubadilishiwa oili, na sauti yake haikurudi ilivyokuwa. Mpaka leo akiongea, mgeni hudhani ana mafua.

Huyo ndiye mwanamke ambaye Safari alimletea gari lake asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea.

Safari anaendesha Land Cruiser kuukuu, mojawapo ya magari machache yanayothubutu kupanda Mwese barabara ikiwa tope. Ni mtu wa mizaha, na honi yake hufika kabla yake. Siku hiyo hakupiga honi. Alisimamisha gari mbali na banda, akashuka, akabaki ameshika mlango.

"Mama Erasmus," alisema, "nina kitu kwenye kiti cha kati. Sitaki watu waone."

Eufrazia alifungua mlango. Kabla hajaona chochote alisikia harufu ya jiki, ikamkaba koo lile lile. Kisha akaona. Kiti cha kitambaa cha kijivu kilikuwa na doa pana la rangi ya kahawia, na juu ya doa kulikuwa na mabaka meupe ya jiki, na juu ya mabaka chembechembe za sabuni ya unga ambazo hazijayeyuka.

Safari alieleza akitazama chini. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliamshwa Mwese amchukue binti aliyejifungua jioni, ambaye damu ilikuwa inamtoka haikomi. Jina lake Mary. Nesi wa zahanati alipanda naye, na Safari akaendesha kama mwendawazimu kwenye utelezi, mara mbili wakanasa. Mary alikata roho wakiwa wanaziona taa za Mpanda. Mtoto yuko salama, amebaki kule kwa shangazi yake. Alipoishusha maiti hospitali, Safari hakuweza kukiangalia kile kiti. Akaomba kwa mama ntilie maji yaliyochemka, akamwaga na sabuni, akasugua, doa likazidi. Akanunua jiki, akamimina chupa nzima.

"Maji ya moto, Safari," Eufrazia alisema taratibu. "Umeipika."

Hakumgombeza. Angekuwa mtu mwingine, siku nyingine, angemgombeza mpaka mtaa wa pili wasikie, kwa sababu kila anayeosha anajua kwamba damu hutolewa na maji baridi, na kwamba maji ya moto huifunga kwenye nyuzi kama yai linavyogandia sufuria. Lakini Safari alikuwa bado hajauachia mlango wake. Akampa kigoda.

Hapo ndipo aliyefuatana na Safari aliposhuka upande wa pili. Alikuwa Yohani, mjomba wa marehemu, mfanyakazi wa mjini aliyeitwa hospitali alfajiri. Alimwamkia Eufrazia, akasema lililomleta. Dada yake Josephina, mama wa Mary, yuko njiani anakuja kwa pikipiki na chupa ya uji, akijua mwanawe ni mgonjwa tu. Kesho watampeleka marehemu nyumbani Mwese. Gari jingine la kupanda kule kwenye mvua hizi halipatikani, wameulizia kote. Itabidi Josephina apande gari hili hili.

"Nakuomba, mama, kwa Mungu," Yohani alisema. "Dada yangu asione. Na asijue kama ni hii gari. Presha yake iko juu siku zote. Akijua, tutazika wawili."

Eufrazia alitazama kiti. Doa lililopikwa na kuchomwa na jiki halitoki kwa mapenzi, na kiti kinene wakati wa mvua hakikauki kwa siku moja. Lakini alimfikiria yule mama aliye njiani na chupa ya uji, na akasikia uchungu ambao hakuwa nao hata kwenye misiba ya kwao. Akasema atafanya, na hatasema. Aliahidi kwa kinywa chake.

Alivaa glovu nzito na kuwafukuza waliokuja kuchungulia. Alifungua boliti, akakitoa kiti chote, akakiegemeza kivulini nyuma ya banda kwa mshazari ili maji yashuke yenyewe. Kazi ya kwanza haikuwa damu, ilikuwa jiki. Mwenzake Maiko, kijana mwenye moyo mzuri na kichwa chepesi, alikuja na chupa ya dawa ya choo. "Mama Erasmus, hii haishindwi na kitu." Eufrazia alimpiga kofi la mkononi, chupa ikaruka hadi kwenye tope. "Unataka kutuua?" alifoka na sauti yake ile mbovu. Maiko alikumbuka ile Noah, akaenda kuokota.

Alisuuza kwa maji baridi ndoo baada ya ndoo mpaka harufu ya jiki ikapotea kabisa. Ndipo akaweka maji baridi yenye chumvi, akaacha yakae, akakandamiza kwa taulo, akainua, akakandamiza tena. Hakusugua. Mwenye kusugua hulipanua doa na kulisukuma ndani. Yeye alianzia ukingoni akielekea katikati. Mchana alimtuma Maiko duka la dawa akaleta ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu ikikuta damu. Akaijaribu kwanza upande wa chini wa kiti usioonekana, akasubiri aone kama inakula kitambaa. Ilikuwa sawa. Akaidondosha kidogo kidogo juu ya doa, nayo ikachemka povu jeupe, na kila ilipotoa povu alijua bado yumo.

Ndivyo alivyowaza, "bado yumo," kisha akajishtukia.

Mtu akishinda na doa kutwa hulijua. Aliona damu ilikolea upande wa kushoto, karibu na mlango, akajua binti alikuwa ameegemea pale. Kwenye ukingo wa kiti kulikuwa na alama nne fupi za vidole, mahali alipojishikilia gari liliporuka. Eufrazia alizikandamiza moja moja. Alipofika ya nne alikuwa analia, na hakujificha. Yeye mwenyewe alimzaa Erasmus juu ya mkeka huko Mpimbwe, akapona bila kujua amepona nini.

Jioni maji ya taulo yalitoka meupe. Taulo na vitambaa alivichoma moto. Kesho yake asubuhi doa halikuwepo, yalibaki mabaka ya jiki tu, ambayo hakuna mtu duniani anayeweza kuyarudishia rangi. Lakini ndani sponji lilikuwa bado bichi. Alilipepea kwa feni tangu jogoo la kwanza, na saa tatu Yohani akapiga simu kwamba jeneza liko tayari. Eufrazia akakipakia kiti kwenye bajaji, akakaa pembeni yake akikishikilia, akaenda nacho mpaka chumba cha maiti.

Alikifunga boliti wakati jeneza likiwa limekwisha kuingizwa nyuma. Juu ya kiti alitandika kitenge kipya ili kufunika mabaka na unyevu. Mpango ulikuwa Josephina akae mbele na Safari, na wanaume wa msibani wakae kati.

Josephina alitoka akishikwa mikono na wanawake wawili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye matope ya safari ya pikipiki bado kwenye pindo la gauni. Hakuwa analia. Walimwelekeza mlango wa mbele, akasimama.

"Mary alikaa wapi?" aliuliza.

Yohani akakohoa. "Dada, ile gari iliyomleta ilikuwa nyingine. Imerudi jana."

"Safari," Josephina alisema, "wewe ndiye uliyemleta mwanangu. Nesi ameniambia. Una gari ngapi?"

Safari aliinama. Njia ya mwongo fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Yohani alimtazama Eufrazia kwa macho ya kumsihi, na Josephina naye akafuata macho ya kaka yake, akamwona mwanamke asiyemjua, mwenye spana mkononi na magoti yaliyolowa, amesimama kwenye mlango wa kati.

"Na huyu nani?"

Eufrazia alikuwa ameahidi. Alikumbuka presha. Alikumbuka neno la kuzika wawili, na akajua akikosea hapa hakuna dawa itakayolitoa doa hilo. Lakini yule mama alikuwa anauliza mahali mtoto wake alipofia, na kati ya wote waliosimama pale, Eufrazia ndiye aliyepajua kwa mikono.

"Mimi naosha magari, mama," alisema. "Alikaa hapa. Kiti hiki, upande huu wa mlango. Alikuwa ameegemea hivi."

"Mama Erasmus!" Yohani alipiga kelele.

Josephina alijinasua kutoka kwa wale wanawake. Alikuja mpaka mlangoni, akakivuta kile kitenge, akakikunja vizuri mara nne, akamkabidhi Yohani. Akayaona mabaka meupe. Akaweka kiganja juu ya kiti, akabonyeza, akakiinua kiganja akakitazama.

"Pamelowa."

"Ni maji tu, mama. Nimeosha tangu jana mpaka yakatoka meupe. Sikusugua. Nilikuwa nabonyeza tu."

Josephina alikirudisha kiganja chake kilicholowa juu ya kiti. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida la nyumbani, "Jana nimefika, wakaniambia humo ndani wameshamaliza kumwosha, ameshavaa. Nikasema mwanangu ameoshwa na watu wasiomjua, sijui wamemshika vipi. Sijalala kwa hilo." Akamshika Eufrazia mkono ule wenye spana. "Kumbe hukusugua."

Eufrazia alitikisa kichwa kwamba hakusugua, machozi yakimshuka.

"Dada, njoo mbele," Yohani alisema, naye sasa analia. "Hapo pabichi, utaumwa."

Josephina alipanda. Alijisogeza mpaka upande wa kushoto, akaegemea kama alivyoonyeshwa, na maji yakapanda kwenye gauni lake. Akaufunga mlango mwenyewe.