Mtihani wa Kujisifu

Juma lililopita nilikuwa ofisi ya wilaya, Mbulu, vijana wakifanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Swali la mwisho liliwataka waeleze ushujaa wao. Kijana mmoja wa wafugaji, kutoka huko Getanuwas, aliweka kalamu chini, akamwendea msimamizi.

"Shikamoo, bwana. Naomba baba aingie."

"Aje kufanya nini?"

"Kwetu mtu hajisifu. Husemewa na waliomwona."

"Andika mwenyewe, au toka!"

Akatoka polepole, mkono wenye kovu ameuficha ndani ya shuka. Baba yake ndiye aliyetusimulia pale barazani jinsi mwanawe alivyopambana na chui zizini kwa jirani. Mlango ulikuwa umekwisha fungwa.

Basi tutapata walimu hodari wa kujisifu, na wanafunzi wao ni watoto wetu.