Mama Mgawa Chakula wa Parkdale

Chini ya kanisa moja huku Parkdale, ughaibuni, yupo mama Mkenya anayegawa chakula kwa wasio nacho. Mimi huenda kila Alhamisi, kwa ajili ya viazi na kwa ajili ya kukaa na watu. Kabla ya salamu hukutazama viatu, halafu mikono, ndipo anauliza watoto hawajambo. Mfuko wa chakula hauachii upesi, huushika kidogo kama mtu anayefikiri. Ukutani kuna picha ya mabibi wa enzi za Malkia Viktoria wakigawa supu humo humo. Nao wanatazama viatu.

Juzi aliingia Donatienne, Mkongo mgeni, mara yake ya kwanza. Alivaa kitenge cha sherehe, hereni na kilemba kirefu, maana kwao mtu haendi kuomba akiwa ovyo. Mama akamtazama, mfuko mkononi.

"Dada, harusi iko wapi?"

"Hakuna harusi, mama. Ni hapa nakuja. Unga ya watoto imeisha."

"Sasa wafadhili wa chakula nitawaambia nini? Wiki ijayo wanakuja kuwaona wenye shida. Uvae vibaya kidogo."

Sisi wa kwenye foleni tukatazama sakafu.

"Nguo mbaya niko nazo, mama, lakini ni za kulalia. Nitakuja namna gani kwa mama wa watu na nguo ya kulalia?"

Mama akajishika kola. Kisha akauachia mfuko.

"Basi njoo hivyo hivyo," akasema bila kutabasamu. "Nitawaambia wewe ndiye mgeni rasmi."